Moto wa Fundi Beramu

Watu wa hapa Hasamba wanasema Fundi Beramu alikuwa anaabudu moto. Wanasema mpaka leo, na mwenyewe ana wiki ya tano kaburini. Mimi nimefua mashati yake miaka thelathini na moja, kwa hiyo nisikilizeni mimi, siyo wao. Hakuabudu moto. Alikuwa anasali mbele ya moto, kama ninyi mnavyosali mbele ya ule msalaba wa mninga mliochangishana, na sijasikia mtu akisema mnaabudu mbao.

Alikuwa Mparsi. Mwanzoni nilidhani ni Mhindi tu kama Wahindi wengine, mpaka akanieleza kwamba mababu zake walitoka Uajemi, wakakimbilia India na dini yao, halafu baba yake akavuka akaja Unguja kutengeneza saa za watu. Beramu akazaliwa huko. Huku kwetu alikuja kijana, kufunga mashine za kumenyea kahawa. Akasema atakaa msimu mmoja. Mwaka wa watu kuhamia vijijini ukamkuta bado yupo, naye akajenga kama wengine, nyumba ya vyumba viwili, kisima nyuma, shamba la mikahawa sitini mbele. Hakuoa. Ndugu zake wakafa mmoja mmoja, wa mwisho dada yake wa Mombasa. Akabaki na sisi, na mbwa.

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia chumbani kwake kufagia, nikakuta kitaa cha mafuta kinawaka mchana kweupe, kwenye sahani ya shaba. Nikasema huyu mzee anachezea mafuta. Nikainama nipulize.

"Acha!"

Sikuwahi kumsikia akipiga kelele kabla ya hapo, wala baada. Alikuja mbio akaniziba mdomo kwa mkono wake, mkono wenyewe umejaa grisi. Nikamng'ata. Ndivyo tulivyoanza.

Baadaye alinieleza taratibu, huku amefunga kidole kitambaa. Moto kwao ni kitu safi, ni alama ya Mungu kama nuru ilivyo. Hupulizi kwa mdomo kwa sababu pumzi ina mate. Hutemei, hutupii taka. Ule wa kwake aliuwasha siku alipohamia nyumba ile, na tangu hapo haujakatika. Utambi ukiisha anawasha mpya kwa ule wa zamani. Nikamwambia sawa, lakini ukiniziba mdomo tena nitang'ata cha pili. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Dini gani hiyo, Fundi?" nikamuuliza.

"Ya nabii Zarathustra. Ya zamani sana, Mama Lusungu."

"Kabla ya Yesu?"

"Kabla."

"Mbona sisi hatujaisikia?"

"Mmeisikia. Wale mamajusi walioifuata nyota mpaka Bethlehemu, ulidhani ni wazee wa kanisa la Hasamba?"

Mimi niliacha shule darasa la pili, lakini mamajusi nawajua, kila Krismasi watoto wanavishwa mashuka. Sikujua kama waliacha ukoo.

Kwa hiyo nilijifunza dini yake kwenye beseni la kufulia. Ndani ya shati la kazi alikuwa anavaa shati jingine jeupe, jepesi, na pale shingoni limeshonwa kifuko kidogo ambacho hata sarafu haiingii. Nikamuuliza cha nini. Akasema cha kuwekea mema unayofanya.

"Humu mna nini sasa?"

Akachungulia. "Hewa," akasema. "Siku bado changa."

Juu ya lile shati anajifunga kamba ya sufu, wenyewe wanaiita kusti. Asubuhi ananawa, anavaa kofia, anageukia kwenye mwanga, anaifungua na kuifunga tena huku anasali. Inazunguka kiuno mara tatu. Akaniambia mzunguko mmoja ni mawazo mema, mmoja maneno mema, mmoja matendo mema. Dini nzima imo humo, mengine ni maelezo.

"Mimi ningefunga ngapi?" nikamuuliza.

Akanitazama. "Matendo unayo. Mawazo tunakuombea. Maneno, Mama Lusungu, kwa maneno tungehitaji kamba ndefu."

Nikamwaga maji ya sabuni karibu na viatu vyake. Siyo juu yake. Karibu.

Mungu wao ni mmoja, Ahura Mazda, maana yake Bwana mwenye hekima. Upande wa pili yuko mwovu, anayeharibu kila kilichotengenezwa. Na mtu hakuletwa duniani kuangalia tu wanavyopigana. Ameletwa achague upande, na achague tena kesho, hata kwa vitu vidogo. Fundi alikuwa anasugua gurudumu la mashine kwa msasa na mafuta ya taa, anasema, "Hii kutu ni ya yule bwana. Hii nati ni ya kwetu." Anaikaza. Watu walidhani anazungumza peke yake.

Nilimuuliza kama na mimi naweza kuingia. Akasema kwao huingii, unazaliwa. Nikasema basi dini yenu itaisha kama sabuni. Akasema, "Pengine." Akaendelea na kazi. Nilijuta, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Sasa niwaambie habari ya Enoka, maana bila Enoka hamtaelewa kilichotokea.

Enoka ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu Yonasi, na ni mzee wa kanisa. Yonasi alikufa kwa kifua. Tulipokuwa makaburini, udongo bado haujafunika jeneza, Enoka akasimama mbele ya watu wote akasema kaka yake ameuawa na moto wa mapepo ambao mkewe anaukoleza nyumbani kwa yule Mhindi. Mkewe mimi. Watu wakageuza shingo kunitazama. Hata kulia nilishindwa, machozi yalirudi ndani.

Miaka kumi na moja sikukanyaga kwa Enoka. Njia ya kwenda mtoni inapita mlangoni kwake. Mimi nilizunguka kwenye miiba na ndoo kichwani. Akinisalimia kanisani naangalia dari. Mchungaji aliniita tusuluhishwe, nikamwambia mimi mgongo unauma, siwezi kukaa kikao kirefu.

Na Fundi? Msimu huohuo wa msiba mashine ya Enoka ilikwama, kahawa mbivu iko kwenye magunia inaanza kuchacha. Akatuma mtu kumwita Fundi. Nikazificha spana zote chini ya kuku anayeatamia. Fundi akatafuta, akaona yule kuku amekaa juu juu kama amepanda kiti, akazitoa.

"Unamwendea mtu aliyekuita pepo?" nikamwambia.

"Kahawa yake haijanikosea kitu," akasema. Akaenda. Akarudi kesho yake na macho mekundu, na mashine imepona. Ndivyo alivyokuwa. Hata wale wa Saza wa mashine za kusaga mawe ya dhahabu walimtaka ahamie kwao, akakataa, akasema kahawa ikioza inalia, dhahabu inasubiri.

Mwaka huu mapafu yakamchoka. Umri wenyewe themanini na ngapi sijui. Alikaa kitandani anaangalia kitaa chake, na mbwa wake Spana miguuni. Spana ana madoa mawili ya kahawia juu ya macho, kama ana macho manne. Fundi alimpendea hayo.

Siku moja akaniambia, "Mama Lusungu, nikifa kuna jambo moja."

"Hufi leo, kunywa uji."

"Jambo moja. Roho inakaa karibu na mwili usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alfajiri ya siku ya nne inavuka daraja. Muda wote huo moto uwake. Kuhani wa kunisalia hapa hayupo, moto upo. Usikatike."

Daraja lenyewe alishanieleza. Kwa mtu mwema ni pana kama barabara ya Zambia, kwa mbaya linageuka ukali wa kisu. Nilimuuliza kama kuna foleni kama pale mpakani Tunduma. Akasema hakuna foleni, hakuna wakala, hakuna karatasi. Pale darajani unakutana na msichana. Huyo msichana ni wewe mwenyewe, ni mambo yako yote uliyofanya. Kama yalikuwa mema, ni mzuri wa ajabu. Kama yalikuwa mabaya, unakutana na bibi kizee ananuka.

"Wangu mimi atakuwa na meno ya panya," nikasema.

"Wako atakuwa mzuri," Fundi akasema. "Ila atakuwa amekasirika."

Nikamwahidi. Moto hautakatika mpaka alfajiri ya siku ya nne. Nilimshika ule mkono niliowahi kuung'ata, kovu bado lipo.

Alikufa Jumanne, kabla ya jua kupanda. Nikamwosha mimi na Zebedayo mwashi, tukamvika shati jeupe, tukamfunga kusti yake. Halafu nikamwita Spana aingie amtazame, kwa sababu kwao mbwa lazima amwone maiti, mbwa anaona kilichobaki ambacho mtu haoni. Vijana wakacheka dirishani. Spana akatazama, akalala chini, akaweka kidevu sakafuni. Kicheko kikaisha chenyewe.

Kuzika nako kulikuwa na maneno. Kwao maiti haichomwi, maana itachafua moto, na haifukiwi hivihivi, maana itachafua ardhi. Huko India walikuwa wanaipandisha kwenye mnara, ndege waile. Fundi alishaniambia, "Hapa tai wenyewe wamekwisha, nijengeeni tofali." Basi Zebedayo akajenga kaburi kwa tofali na saruji, chini, pembeni na juu.

"Bibi," Zebedayo akaniuliza, "huyu anazikwa au anahamia?"

"Piga lipu, wewe."

Jumatano mchana tukamzika. Watu walijaa, hapa hakuna nyumba ambayo Fundi hakuitengenezea mashine. Na msiba wetu mnaujua, hauna maana bila moto uani, wanaume wanakaa pale mpaka matanga yaishe. Ule moto niliuwasha mimi Jumanne kwa kitaa cha Fundi, kwa unyasi, nikawaambia wanaume asiteme mtu humu, asitupe mtu kichungi cha sigara. Walinong'ona, lakini hawakutema. Jumatano hiyohiyo mvua ikaanza, akina mama wakakosa pa kupikia. Atupele, mke wa Enoka, akaja na kigae, akachukua makaa pale uani akaenda kupikia jikoni kwake, maana wana banda kubwa. Nilimwona. Nikaangalia pembeni.

Alhamisi jioni mafuta ya kitaa yalibaki kidogo. Nikaona yasije yakaisha kabla ya alfajiri, nikaenda mwenyewe dukani barabarani. Kwenda na kurudi ni saa moja na nusu kwa magoti yangu. Na hapo ndipo nilipokosea, nakiri. Nilisahau kwamba Alhamisi ni siku ya tatu. Huku kwetu siku ya tatu matanga yanaisha. Nyumba inafagiwa, moto unamwagiwa maji, watu wanarudi kwenye kazi zao. Hakuna aliyehitaji kuniuliza. Ni desturi, hata mimi nimeifanya kwenye misiba mia.

Nilirudi na chupa ya mafuta mkononi nikakuta uani kuna tope jeusi linatoa moshi. Jofrey, mwenyekiti wa vijana, ameshika ndoo tupu, anajisikia amefanya kazi.

"Tumeshaanua matanga, bibi. Pole kwa msiba."

Nilikimbia ndani, kama kule kwangu ni kukimbia. Fides wa kwaya anafagia chumba cha Fundi. Ile sahani ya shaba ameshaiosha, inang'aa, ameiegemeza ukutani.

"Kitaa kiko wapi?"

"Nimekizima, bibi. Mafuta yalikuwa yanaungua bure."

"Umekizima na nini?"

Akashangaa swali. "Nimepuliza."

Nilikaa kwenye kitanda cha Fundi. Moto wa tangu mwaka wa vijiji, miaka mingi kuliko umri wa mama yake Fides, umeondoka kwa pumzi moja ya mtoto anayetafuna bazoka. Na usiku mmoja bado. Huyo mzee yuko hapa karibu na mwili wake, gizani, na mimi nilimshika mkono nikamwahidi.

"Kuna kiberiti, bibi," Fides akasema, ameanza kulia. "Niwashe?"

"Huo utakuwa moto mpya. Haumjui."

Ndipo nikakumbuka kile kigae cha Atupele.

Niliwaza muda mrefu, sitawadanganya. Nilikaa nikajiambia pengine na kule umeshazimika. Nilitamani uwe umezimika, ili nisiende. Halafu nikajiambia, hata kama unawaka, umeshapika ugali wa Enoka siku mbili, umeshachafuka, Fundi hatautaka. Hapo ndipo nikakamatwa na maneno yake mwenyewe. Aliwahi kunieleza ile mioto mikubwa ya mahekalu yao inavyotengenezwa. Haiwashwi tu. Inakusanywa nyumba kwa nyumba. Wanachukua moto wa mfua vyuma, wa mfinyanzi, wa mwokaji mikate, wa mfalme, wa mchunga ng'ombe, hata wa radi iliyopiga mti, hata ule uliochoma maiti ya mtu wa dini nyingine. Wanausafisha kwa kuusalia, wanauunganisha unakuwa mmoja. Nilimwambia siku ile, "Hata wa mwizi?" Akasema, "Hata wa mwizi, Mama Lusungu. Moto haujui jiko ni la nani."

Nikachukua ile sahani ya shaba, nikajifunga kanga kichwani, nikaenda kwa Enoka kwa njia iliyonyooka.

Spana alinifuata. Enoka alikuwa kibarazani amevua viatu, miguu kwenye beseni. Aliponiona alisimama humohumo kwenye maji.

"Shemeji?"

Miaka kumi na moja. Neno la kwanza ninalomwambia, nililipanga njia nzima lisije likatoka pamoja na mengine.

"Nimekuja kuomba moto."

Kwetu hapa tangu enzi za bibi zetu mtu akija kuomba moto hanyimwi, hata mkiwa mmegombana. Unampa kwanza, mnagombana baadaye. Enoka anajua hilo. Lakini hakusogea.

"Wa nini, matanga si yameisha?"

"Yenu yameisha. Yake yanaisha kesho jua likichomoza. Moto wake mmeumwagia maji, uliobaki ni ule aliochukua mkeo."

Akanitazama, akaitazama ile sahani. Niliona anajua ni moto gani ninaousema. Niliona anakumbuka makaburini, maana alishusha macho kwenye beseni kama kuna kitu amedondosha.

"Kwa hiyo umewaka jikoni kwangu," akasema. "Siku mbili."

"Umepikia ugali wako. Na wewe umepagawa?"

Atupele alicheka jikoni huko ndani, akajiziba. Enoka akatoka kwenye beseni, akaenda na miguu yake mibichi. Nikamsikia anachokoa majivu. Nikasikia anavuta pumzi apulize makaa.

"Usipulize!" nikapiga kelele.

Akaacha. Halafu akatokea na koleo, makaa matano mekundu juu yake, anayapepea kwa kofia yake ya kanisani. Akayaweka kwenye sahani ya Fundi moja moja, kwa uangalifu, kama mayai.

"Ndaga," nikasema. Asante tu. Sikuongeza.

Niligeuka niende. Makaa yalikuwa mazito kuliko nilivyodhani, na shaba inapata moto haraka, na magoti yangu ninayo mawili tu. Nikasikia miguu nyuma. Enoka amebeba kuni za mikahawa mikavu begani, pekupeku. Hakuniomba ruhusa wala mimi sikumpa.

Tukauwasha pale uani, juu ya tope la Jofrey, kwenye mawe matatu. Nikawasha na kitaa kwa ule moto, nikakirudisha chumbani. Fides akaja akakaa mbali, nikamwita akae karibu, nikampa kazi ya kulinda utambi. Nilimwambia akitaka kupiga chafya aende nje. Mpaka anakua ataniogopa, lakini kitaa hakitamzimikia tena.

Usiku ulikuwa na mvua ndogo. Enoka alisimamisha bati upande wa upepo akalishika. Katikati ya usiku akasema, "Ile mashine yangu bado inafanya kazi." Nikasema najua, naisikia kila msimu. Baadaye kidogo akaanza, "Shemeji, siku ile ya kaka…" Nikamwambia ashike bati vizuri, maji yanaingia.

Msinisukume, najua mnataka kusikia nilimsamehe. Sijamsamehe. Aliyasema mbele ya watu mia tatu, na kuyafuta alitaka gizani, nisikie mimi peke yangu, hiyo hesabu hailingani. Ila siku hizi kwenda mtoni napita mlangoni kwake, miiba imenichosha.

Alfajiri wingu likapasuka upande wa mashariki, jua likagusa kwanza mikahawa ya Fundi, halafu lile kaburi la lipu. Spana akanyanyuka, akajinyoosha, akaenda kukojoa, mambo ya mbwa. Moto ulikuwa bado unawaka. Enoka akainuka akaiangalia ndoo ya maji.

"Thubutu," nikamwambia.

Tuliuacha ule wa uani uishe wenyewe mpaka majivu. Kitaa cha chumbani kipo kwangu sasa, juu ya kabati, mafuta ananunua Lusungu wangu akija kutoka Tunduma. Mimi siyo Mparsi, sikuzaliwa huko. Nakiwasha utambi kwa utambi, basi.

Lakini asubuhi ile nilikaa kwenye kigoda nikamtazama huyo msichana wa darajani akimjia Fundi. Sijui kwao wanamchora vipi. Mimi nilimwona mzuri, mweusi kama wa kwetu, amefunga kitenge, na mikono yake yote miwili imejaa grisi.